Kwa nini milango ya nyumba za babu zetu ilikuwa mifupi hivyo? Adabu, vita au mvua tu?

#1 Kaka_wa_Bombo
Wakuu salaam. Kuna hoja imetushinda kijiweni hapa Bombo, Uganda, tangu Ijumaa, nimeona niilete huku kwenye watu wengi. Nyumba za nyasi za zamani, ziwe za Acholi, Teso, Ankole au Buganda, karibu zote mtu mzima anaingia ameinama. Karamoja ndiyo usiseme, anatambaa kabisa. Mzee mmoja hapa ameshikilia kwamba ni adabu: huingii kwa mwenzio umenyoosha kichwa, unamsalimia kwa mgongo kabla hujamsalimia kwa mdomo. Mimi nasema hizo ni hadithi tamu za kuwaambia watalii. Babu zetu hawakuwa na mbao za kutosha, basi. Nyumba niliyozaliwa mimi ni ya pembe nne, mlango unaingia wima, na adabu tulifundishwa vizuri tu, tena kwa fimbo. Nani anajua ukweli?

#2 Binti_Gulu
Mwambie huyo mzee shikamoo yangu. Kwetu Acholi nyumba ni ya mama. Mwanaume akiwa na wake wawili, kila mmoja ana nyumba yake, jiko lake na ghala lake la nafaka, na baba ndiye anayezunguka. Sasa nje kuna jua kali, ndani giza. Ukiinama kuingia, macho yako bado hayaoni kitu, na aliye ndani ameshakuona kuanzia miguu. Ndiyo maana mtu anaita kwanza akiwa uani, anasubiri ajibiwe. Asiyeita ana lake jambo. Mlango mfupi unampa mwenye nyumba nafasi ya kukujua kabla wewe hujamjua.

#3 Fundi_Paa
Mimi naezeka, kazi ya baba yangu, huku Teso na Lango, ingawa siku hizi wateja ni hoteli zaidi ya wanakijiji. Adabu sijui, najua mvua. Nyasi si bati. Paa la nyasi lisipokuwa na mwinuko mkali, nyuzi 45 kwenda juu, maji hayateremki, yanazama humohumo na nyasi zinaoza. Sasa chukua nyumba ya duara, ukuta wa fito uliokandikwa udongo. Udongo ukipigwa na mvua unayeyuka, kwa hiyo lazima paa litokeze nje ya ukuta, mkono mzima au zaidi. Na linatokeza kwa mwinuko uleule. Ncha yake itaishia wapi? Usawa wa kifua. Ukitaka mlango wa kuingia wima, ukate nyasi hapo, na hapo ulipokata ndipo maji yatakapopata njia, mlangoni kwako. Au unyanyue ukuta mzima, utafute nguzo ndefu zaidi, halafu kila msimu wa upepo ulale jicho moja. Ni hesabu hiyo tu, ndugu zangu. Siri hakuna.

#4 Afande_Mstaafu
Fundi, hesabu yako ibaki Soroti. Nimekaa Karamoja miaka mingi nikiwa kazini, Moroto na Kotido. Mvua ipi? Kule mlango wa boma ni tundu kwenye ua wa miti na miiba. Mtu mzima anachuchumaa, kichwa kinatangulia. Kichwa kikitangulia, mikono iko chini, mkuki au bunduki utaishika na nini? Ukishapita unakuta ua mwingine, maana kila mke ana sehemu yake iliyozungushiwa miti, na tundu lake, na ndani ya hapo nyumba yenyewe ina mlango mdogo kuliko yote. Mwizi wa ng'ombe akija usiku anafia kwenye tundu la kwanza. Nakapelimoru pale Kotido, ile wanayoisema ndiyo manyatta kubwa kuliko zote Afrika Mashariki, ukiingia bila mwenyeji kutoka ni shughuli. Hiyo si adabu. Ni ulinzi.

Na jambo ambalo wengi hawalijui: wanaojenga ni wanawake. Nyumba na ua, vyote. Mwanaume kazi yake mifugo. Ukigombana na mkeo, umegombana na mwenye nyumba.

#5 Bei_Poa_Busia
Afande, na mwili wako ule wa picha ya wasifu, ulipitaje? Au upekuzi ulifanyikia nje?

#6 Afande_Mstaafu
Tulikuwa na koplo mwembamba kwa kazi hiyo.

#7 Muzzukulu_wa_Kintu
Kaka (#1), umesema mbao hazikutosha. Nenda Kasubi, Kampala, kwenye makaburi ya makabaka, wafalme wa Buganda. Nyumba kuu pale, Muzibu Azaala Mpanga, ina kipenyo cha mita 31, na aliyeijenga ni Kabaka Muteesa wa Kwanza, mtu ambaye akisema nataka nguzo mia, zinakuja mia na za akiba. Na bado mlango wake ni upinde mpana lakini wa chini, nyasi zimeshuka pande zote karibu ziguse ardhi. Kwa hiyo umaskini uondoe.

Ukivua viatu ukaingia, juu ya kichwa chako kuna pete 52 zinazopanda mpaka kileleni, moja kwa kila ukoo wa Buganda. Mbele yako pazia la lubugo, kitambaa cha magome ya mutuba, na nyuma yake ni Kibira, yaani msitu, walikolala makabaka wanne: Muteesa wa Kwanza, Mwanga, Daudi Chwa na Muteesa wa Pili. Wawili kati yao walifia ughaibuni, Mwanga Seychelles na Muteesa wa Pili London, wakarudishwa hapo. Paa wanaezeka watu wa ukoo wa Ngeye, mwingine haligusi. Mapambo ni ya watu wa ukoo wa Ngo. Nalinya, dada wa kifalme, ndiye mwenye sauti ndani ya eneo lile. Nchi nzima imekaa chini ya paa moja, kila mtu na kazi yake. Mlango wa nyumba hiyo uwe wa chini kwa sababu ya matone ya mvua tu?

#8 Fundi_Paa
Ndiyo. Hata Kabaka ananyeshewa.

#9 Kichuguu
Hizo pete 52 si wiki za mwaka? Na ile ilijengwa iwe kaburi tangu mwanzo, ndiyo maana iko giza. Halafu iliungua 2011, iliyopo sasa ni mpya, haina tena maana ile.

#10 Muzzukulu_wa_Kintu
@Kichuguu, kalenda ya wazungu na paa la Buganda wapi na wapi? Ni koo. Pili, ilijengwa 1882 ikiwa kasri la kuishi, ikawa kaburi mwaka 1884 Muteesa alipofariki. Tatu, moto ulikuwa usiku wa tarehe 16 Machi 2010. UNESCO walikuwa wameiorodhesha 2001, mwaka ule ule wa moto wakaiweka kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, na imetolewa huko 2023.

Hilo la "mpya haina maana" ndilo linaloniuma zaidi. Nyasi za pale zilikuwa zinabadilishwa tangu zamani, hakuna nyasi inayokaa miaka mia. Mwishoni mwa miaka ya 1930 waliingiza hata nguzo za zege, wakazivika lubugo, na watu waliendelea kupiga magoti. Cha muhimu ni nani anaezeka, kwa miiko ipi. Kazi ikiendelea wanawake hawaingii ndani, na fundi mwenyewe ana masharti yake nyumbani kwake usiku uliotangulia. Na safari hii fedha zilichangwa na watu wa kawaida. Katikkiro Mayiga, waziri mkuu wa Buganda, alizunguka gombolola kwa gombolola akikusanya "tofali", mama mwenye shilingi 500 anatoa 500. Hebu niambie kama jengo hilo halina maana.

#11 Kichuguu
Sawa mwalimu. Na nani aliichoma?

#12 Mhudumu
Huko tusiende. Uzi wa moto upo na una ugomvi wake wa kutosha. Hapa ni milango.

#13 Chaki_Nyeupe
Nashangaa hakuna aliyetaja kodi. Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900 ulileta kodi ya nyumba, rupia 3 kwa kila nyumba kwa mwaka. Nyumba, si mtu. Watu walifanya nini? Wakajibana. Familia mbili tatu chini ya paa moja, vijana ambao wangejenga zao wakabaki kwa baba. Serikali ikaona mapato yanapungua, ikaongeza kodi ya kichwa. Mimi nadhani nyumba fupi fupi zilizojificha kwenye migomba ni za kipindi hicho: mtoza kodi akipita asizione.

#14 Ng'ombe_Mia
Mwalimu, mtoza kodi alikuwa Mganda mwenzao, alijua kila mgomba una nani. Na Speke, yule mpelelezi Mwingereza, alifika kwa Muteesa mwaka 1862, miaka 38 kabla ya kodi hiyo, akakuta nyumba za nyasi zilizoshuka hivyohivyo. Ila hilo la watu kujibana nalikubali, tena ni zito, maana limevuruga mambo mengine ambayo dada zetu watayasema.

Kwetu Ankole, nyumba ya mfugaji ilikuwa kama kichuguu cha nyasi (samahani ndugu yangu wa #9, hujatajwa). Ndama wachanga walilala ndani pamoja na watu. Usiku fisi yuko nje ananusa. Mlango mdogo unazibwa na mtu mmoja kwa haraka, mlango mkubwa unataka wanaume wawili. Hiyo ndiyo niliyoambiwa na bibi yangu, aliyezaliwa ndani ya nyumba ya namna hiyo.

Lakini Bibi alipoieleza nyumba ile, mlango aliupita haraka. Alichokaa nacho ni orugyegye. Ukiingia, macho yakizoea giza, kitu cha kwanza kukiona ni jukwaa la udongo lililosuguliwa mpaka linang'aa, limechorwa, na juu yake vimepangwa ebyanzi, vyombo vya mti vya maziwa, kila kimoja na kofia yake ya kusuka yenye ncha. Vinafukizwa kwa moshi wa majani hadi nyumba nzima inanukia. Kwetu mtu hahesabu ng'ombe wa mwenzake, ni mwiko. Lakini unaangalia orugyegye, unajua. Mama wa nyumba mwenye orugyegye chafu, hata mumewe awe na ng'ombe mia, mgeni anaondoka na habari. Anayetaka kuiona aende Igongo, pale Biharwe kwenye barabara ya Mbarara na Masaka, wamejenga nyumba ya mfano.

#15 Bei_Poa_Busia
Kumbe ndiyo kabati la vyombo la sebuleni kwa mama yangu, lile lenye glasi ambazo hatujawahi kunywea.

#16 Ng'ombe_Mia
Ndilo hilo hilo. Halijaenda popote.

#17 MamaMbili
Mnabishana urefu wa mlango, mimi nataka niongelee idadi ya milango.

Nimeolewa Buganda, naishi Kampala, tulianza maisha kwenye mzigo, yaani nyumba ya kupanga ya chumba kimoja, kama wengi hapa. Mama yangu mzazi akaja kutibiwa. Kwa desturi za kwa mume wangu, mkwe wa kike na mkwe wake wa kiume hawalali chini ya paa moja, hawagusani, hata kupeana mkono hawapeani. Wazee wanasema ukivunja unapata ugonjwa wa kutetemeka, buko. Sasa kijijini hilo si tatizo, anaandaliwa nyumba nyingine hatua chache na maisha yanaendelea. Chumba kimoja cha mita tatu kwa tatu utaligawaje? Tulitundika pazia. Mama akaliangalia lile pazia, akakunja khanga yake, akaenda kulala kwa jirani, mwanamke ambaye hata jina lake alikuwa halijui. Mume wangu naye usiku huohuo alikuwa ameshaamua kulala kwenye gari la rafiki yake. Kwa hiyo chumba kizima nikabaki nacho mimi na watoto!

Nilichojifunza ni kwamba nyumba za zamani hazikuwa chumba, zilikuwa uwanja mzima. Kile mnachoita nyumba ni kitanda tu. Sebule ilikuwa chini ya mti, jiko lilikuwa pale, mgeni pale, kijana aliyebalehe kule. Mkoloni na kodi yake (#13), halafu mwenye nyumba wa Kampala na kodi yake, wote wametusukumia ndani ya mlango mmoja.

#18 Mtoto_wa_Mbale
Dada umesema kweli tupu. Kwetu Bugisu kijana akishatahiriwa, imbalu, yeye ni mwanaume, na mwanaume hawezi kuendelea kulala kwa mama yake. Anapewa mahali, anajenga chake, hata kiwe kibanda cha siku mbili. Ndicho kinachosema anaweza kuoa. Mimi nilitahiriwa nikiwa bado shule ya bweni, mjomba wangu akanijengea kibanda ili tu kiwepo. Nililala humo likizo, paa likivuja, na ilikuwa marufuku kurudi ndani kwa mama hata kwa uji. Nilikuwa nikikabidhiwa kikombe nje. Wakati ule niliona ni ukatili.

#19 Binti_Gulu
Fundi (#3), hesabu yako nimeirudia kichwani nikaikumbuka kambi.

Mwaka 1996 serikali ilianza kuwahamishia watu kambini kwa sababu ya vita vya Kony, yule kiongozi wa waasi. Kufikia katikati ya miaka ya 2000 kaskazini yote walikuwa watu kama milioni 1.8 waliohama makwao. Nyumba zilikuwa za duara, za nyasi, za udongo, ukipiga picha unaweza kusema ni kijiji cha Acholi. Hakikuwa kijiji. Paa la jirani linagusa paa lako. Moto ukishika moja, unaruka hadi mwisho wa mstari, kambi ya Pabbo waliyaona hayo. Milango ilikuwa ya makopo ya mafuta ya msaada, yale ya bati, yamekatwa na kupigwa nyundo mpaka yanyooke, ukifunga unasoma maandishi ya Marekani. Nyasi zenyewe ilibidi utoke nje ya mpaka kuzikata, na kutoka nje ni kuhatarisha maisha. Ghala hakuna, maana mavuno hakuna. Wang oo hakuna, ule moto wa jioni uani ambapo wazee wanazungumza na watoto. Utauwasha wapi? Amri ya kutotoka usiku, na nafasi yenyewe haipo.

Kwa hiyo nyumba ilikuwa ileile kwa umbo, mlango uleule wa kuinama, na hakuna adabu iliyobaki ndani yake. Baba analala na wakwe, mvulana mkubwa analala na dada zake. Ndiyo maana mimi siamini hesabu peke yake, Fundi. Na siku hizi siamini sana hata maelezo yangu mwenyewe ya #2. Mlango haukufanya kitu. Kulikuwa na watu waliokuwa wakiita kutoka uani.

#20 Fundi_Paa
Dada hapo umenifunga mdomo kidogo. Kidogo tu. Kambini paa halikuwa na nafasi ya kutokeza, ndiyo maana kuta zilikuwa zinaanguka kila masika.

#21 Nakivale_Bora
Jambo bandugu. Mimi ni Mkongomani, niko Nakivale, makazi ya wakimbizi. Ya Binti_Gulu naielewa sana. Sisi tulianza na turubai na miti, mlango ni kipande cha turubai kinachopigwa na upepo. Nani atabisha hodi kwenye turubai? Mtu anakohoa tu. Ila nimeona hivi: Mkongo akijenga ya udongo anaweka baraza mbele hata kama ni ya hatua moja, Msomali anazungusha ua kwanza kabla ya nyumba, Mrundi anapanda migomba nyuma. Bila kuuliza unajua unaenda kwa nani.

#22 Chaki_Nyeupe
Asante sana, hii ndiyo ningependa wanafunzi wangu waisome.

#23 Mpwa_wa_Hoima
Wote mko mlangoni, hakuna aliyefika katikati. Bunyoro zamani nguzo ya kati ndiyo ilikuwa mwenye nyumba. Baba akifariki, mpwa wake, yaani mtoto wa dada yake, ndiye anayeingia na kuing'oa nguzo hiyo na kuitupa uani. Moto wa jiko unazimwa. Nyumba imekufa na mwenyewe. Kwa nini mpwa? Kwa sababu yeye ni wa ukoo mwingine, anaweza kufanya lile ambalo mtoto wa kuzaa hawezi.

Jina langu humu mnaliona. Mjomba alipofariki, wazee wakanigeukia: fanya kazi yako. Nyumba ya mjomba ni ya tofali na bati, vyumba vinne, vigae sebuleni. Nguzo ya kati ipi? Mmoja akasema ng'oa fremu ya mlango, shangazi akawaka, ametoka kuilipia. Wakajadiliana mpaka uji ukapoa. Mwisho wakanipeleka nyuma, kwenye jiko la nyasi, nikang'oa mti mmoja wenye masizi, nikautupa uani. Waombolezaji wote wakanyamaza. Kwa hiyo kwa mujibu wa mila, mjomba wangu mwenye digrii mbili alikuwa anaishi jikoni.

#24 Kaka_wa_Bombo
Nimecheka mpaka jirani kaja kuuliza.

#25 Kichuguu
Na kwa nini ni za duara? Kuna mtembeza wageni mmoja alituambia ni kwa sababu mashetani hujificha kwenye kona.

#26 Fundi_Paa
Shetani akikuta kona au asikute anaingia tu. Kona ni kazi ngumu kwenye nyasi. Mahali miteremko miwili ya paa inapokutana ndipo panapovuja. Duara halina mahali hapo. Tena upepo unaizunguka.

#27 Binti_Gulu
Na watu wote wanakaa umbali uleule kutoka motoni.

#28 Ng'ombe_Mia
Hapo nabisha. Umbali uleule kwa macho ya mgeni. Mwenyeji anajua upande gani ni wa baba, wapi kitanda, wapi vyombo, wapi asikanyage. Duara halina kona lakini lina mipaka mingi kuliko nyumba yako ya vyumba vinne.

#29 Afande_Mstaafu
Na duara halina ukuta wa nyuma wa kutobolea. Mwizi anapenda kona.

#30 Bei_Poa_Busia
Afande kwako hata sufuria ni ulinzi.

Mimi nauliza lingine. Mbona watu wanasema nyumba ya nyasi ni umaskini, na Rwanda mwaka 2011 waliziondoa kwa kampeni kabisa, lakini tajiri wa Kampala akiumwa na biashara anaenda kwenye essabo, kibanda cha matambiko, na essabo lazima iwe ya nyasi? Hakuna anayepeleka mbuzi kwenye kigae. Na Jumapili yuko mstari wa mbele kanisani akikemea.

#31 Muzzukulu_wa_Kintu
Kwa sababu wahenga hawana anwani kwenye kigae. Nacheka, lakini nasema kweli: hata wasioamini, paa la nyasi linawapa hofu ambayo bati haliwapi.

#32 MamaMbili
Si hofu, ni moshi. Nyumba ya nyasi bila moto ndani haiwi nyumba. Bibi alikuwa anasema mchwa ndio wanaohamia mahali moto umezimika.

#33 Fundi_Paa
Bibi yako ni fundi mwenzangu. Moshi ndio dawa ya paa. Unapita kwenye nyasi, wadudu wanakimbia, nyasi zinakauka vizuri. Watu wamehamishia jiko nje, wakaiacha nyumba ya nyasi ya kulala tu, halafu wanalalamika paa limeisha haraka.

Kuhusu matajiri, mimi ndio wananilisha. Kuna mmoja mwenye hoteli ya ufukweni upande wa Entebbe alitaka nyumba za duara za asili, lakini mlango futi saba, wageni wake ni warefu na wanagonga vichwa. Nikamwambia maji yataingia. Akasema wewe ezeka. Nikaezeka, nikakata nyasi juu ya mlango kama alivyotaka. Sasa mvua ikinyesha wanaweka ndoo mbili kizingitini na mhudumu wa kuzimwaga. Kwa usiku mmoja mgeni analipa hela ambayo baba yangu angejengea nyumba nzima.

#34 Mtoto_wa_Mbale
Hiyo ndoo ni hoja kubwa kuliko zote humu.

#35 Muzzukulu_wa_Kintu
Hoja ya nini? Mwenye hoteli alitaka mlango mrefu kwa sababu mgeni anayelipa haombwi kuinama. Umethibitisha adabu, Fundi, hukuthibitisha mvua.

#36 Fundi_Paa
Ndoo zimejaa adabu?

#37 Chaki_Nyeupe
Hebu niulize: kwani lazima sababu iwe moja? Karamoja ni vita, Teso ni mvua, Ankole ni fisi, Buganda ni Kabaka. Huenda umbo lilikuja kwa sababu ya nyasi, halafu kila watu wakalipa maana kulingana na kilichowasumbua.

#38 Afande_Mstaafu
Mwalimu anataka tugawane ushindi. Sikubali. Fisi na mwizi ni ulinzi, hao wawili ni wangu.

#39 Ng'ombe_Mia
Fisi wangu uniachie, Afande. Wewe una koplo.

#40 Binti_Gulu
Fundi, tukiwa bado tuko kwenye nyasi. Baba yangu kajengewa na ndugu zetu nyumba nzuri ya bati, vyumba vitatu, sola juu. Anaingia kuchaji simu, halafu anatoka kwenda kukaa uani. Anasema ndani kuna joto na mvua ikinyesha hasikii mtu anapoongea. Anataka nyumba ya nyasi nyuma ya ile ya bati, ya kwake na wajukuu. Tatizo nyasi. Karibu na kwetu wanachoma vichaka kila kiangazi, hakuna kinachobaki kirefu. Zinapatikana wapi?

#41 Fundi_Paa
Kata mapema. Desemba, Januari mwanzoni, zikishakauka lakini kabla watu hawajaanza kuchoma. Ongea na mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, wa upande wenye kinamasi, mara nyingi kuna wanawake wanaokata na kuuza kwa mzigo. Usinunue zilizokatwa zikiwa kijani, zitaota ukungu. Usinunue zenye majani mengi, unataka shina. Zilaze juu ya magogo, zisikae chini, mchwa hawana subira. Kamba usitumie ya nailoni, jua linaimaliza, tumia magome ya mti kama zamani au waya laini. Nitumie ujumbe wa ndani uniambie upana, nitakukadiria mizigo.

#42 Binti_Gulu
Asante kaka, nakutumia leo.

#43 Bei_Poa_Busia
Dada, nyasi zikichelewa mimi nina maturubai, futi 12 kwa 18, rangi ya bluu na ya kijani. Bei ya wana uzi. Mhudumu usifute, ni msaada wa kijamii.

#44 Mhudumu
Nimefuta mara tatu wiki hii, Bei_Poa. Peleka kwenye jukwaa la biashara.